Kidole Juu ya Fonie

Kabla mitandao haijaanza kuwanyima watu kazi, Kamina tulikuwa na fonie, redio ya kuongea na miji ya mbali. Siku za vita, treni ilipokuwa haifiki, hata kazi iliombwa humo. Unabonyeza kitufe kuongea, unakiachia kusikiliza, ukimaliza unasema "terminé". Na vituo vyote vinakusikia.

Siku moja mbele yangu kwenye foleni alikuwa karani mmoja, shati limepigwa pasi, akimwomba kazi mkuu wa shule fulani ya Kabongo.

"Ndiyo, Directeur. Minyi niko muntu wa kanisa. Nitatumika kwenu mpaka nizeeke. Terminé."

Akatugeukia akicheka, kidole bado kimebonyeza kitufe.

"Uyu muzee iko na maneno mingi! Nitakaa kwake myezi mbili tu. Njia ya Lubumbashi ikifunguka, ninakwenda."

Ndipo akaachia.

"Iyo myezi mbili," Kabongo ikajibu taratibu, "ukae nayo kule kule Kamina. Terminé."

Hajafuta jasho, ikaingia sauti nyingine, ya upole: "Hapa Malemba-Nkulu. Siye pia tulikuwa tunatafuta karani. Lakini tumesikia."

Leo kijana akinilalamikia kwamba patron, bosi wake, amesoma aliyoyaandika kwenye simu, namuuliza tu kidole chake kilikuwa wapi.