Motokari Isiyotikisika

Mimi njo nilimufundisha mudogo wangu kuendesha. Lakini aliponunua motokari otomatiki ya Japani, kila siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa mama alipita mbele ya motokari yangu ya vitesi, ya kubadilisha gia kwa mukono, na kupanda ya mudogo. "Ya mudogo wako haitikisike," alisema. Roho iliniuma mpaka nikauza yangu, nikanunua otomatiki kama yake, hata rangi ile ile.

Wiki ya kwanza tu nikamwambia mudogo tupimane mwendo kwenye barabara iliyonyooka, kupita Naviundu. Mama nilimuleta mwenyewe, asimame pembeni aone.

Tulikanyaga pamoja, nikatangulia. Nilipoona pua ya motokari yake ikibaki nyuma, nilifurahi furaha mbaya. Kisha injini ikalia kwa nguvu, kama zinavyolia zote zikiomba vitesi ingine, na mguu wangu wa kushoto, uliozoea miaka yote kukanyaga ambreyaji, ile klachi ya kubadilisha vitesi, ukashuka wenyewe. Kwenye otomatiki hakuna ambreyaji. Mahali pake nilikanyaga freni kwa nguvu zangu zote. Motokari ikasimama, kifua changu kikagonga usukani, mudogo akapita.

Alirudi mbio kunitazama. Hakucheka, na hiyo iliniuma kuliko kifua.

"Sogea, yaya, mukubwa wangu, nikurudishe," alisema. Akaacha yake pale, akashika usukani wangu. Mama akapanda nyuma. Tulikuwa hatujafika mbali aliponipiga bega, amefurahi kweli.

"Ona, mutoto wangu! Na yako haitikisike."