Pepo la Kijapani nyumbani kwangu Ibra

Wakuu, salaam aleikum. Shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa, maana najua wengi humu hamtoi.

Mimi bibi wa Kizanzibari, nakaa Ibra, hapa Oman. Shule sikwenda sana. Nilikwenda chuoni nikakhitimu Msahafu, basi, kwa hiyo asije mtu hapa kunisahihisha herufi. Ninayoyasema yametokea, na shahidi wangu ni soko zima.

Nnaye mjukuu, Shamsa, yuko darasa la kumi. Mtoto mpole, akipita hata paka hageuki.

Siku hiyo baada ya alasiri napita mlangoni kwake na chetezo changu, nafukiza udi nyumba. Nasikia sauti. Si Kiswahili, si Kiarabu, si Kiingereza. Kelele kama za mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Nikachungulia. Mtoto kafumba macho, kichwa kinakwenda mbele na nyuma, nywele zimemfunika uso, mikono inapiga ngoma hewani.

Nyinyi mngesema anasikiliza muziki. Mimi headphone sikuziona. Ni zile ndogo, mfano wa punje ya kunde, zinaingia sikioni zikapotea.

Na sisi watu wa Ng'ambo, Unguja, tumekua na ngoma za pepo uani kwa jirani. Bi mkubwa wa heshima zake anapandwa na pepo wa kibuki, mara anasema lugha ya Bukini, yaani Madagaska, na Bukini hajapata kuikanyaga.

Kwa hiyo mtu akisema lugha asiyofunzwa, sisi hatumtafutii kamusi. Tunamtafutia ubani.

Nikaingia. Nikamwekea chetezo chini ya pua, nikauliza kwa adabu, maana pepo ukimvunjia heshima haondoki:

"Wewe nani, umetoka wapi, na unataka nini?"

Shamsa akafumbua macho, akakohoa. "Bibi, mimi Shamsa. Nataka hewa."

Jawabu la mtu mwenye akili zake. Mimi nikaona pepo huyu mjanja.

Nikampigia wifi yangu Zuwena, yuko Samad, anipe ushauri. Kumwambia Zuwena jambo ni sawa na kupanda darini na kipaza sauti. Akatia voice note kwenye group la ukoo.

Magharibi haijaingia, Sur wanajua, Nizwa wanajua. Habari imetoka Samad jini mmoja, imefika Sur majini wawili, mume na mke.

Chekeni. Lakini hapa kwetu msichana akisemwa ana jini, jina hilo linamganda mpaka siku ya posa, na posa yenyewe haiji. Shoga zake wakakatazwa kuja kwetu. Darasani wenzake wakahama viti vya karibu yake.

Mwanangu, baba yake Shamsa, akasema Alhamisi anampeleka Bahla akasomewe. Kwa msioijua Bahla, huko ndiko majini ya Oman yana anwani.

Mtoto hakubisha. Aliacha kula tu.

Jumanne akaja akakaa mkekani kwangu, akanitia kunde moja sikioni. Akasema nisikilize, kisha wampeleke popote wanapotaka.

Nikasikiliza. Ya Rabbi. Magitaa yanagombana, ngoma inayaamua, na katikati mtu analia.

Akanionesha picha. Vijana wanne wa Kijapani, wembamba kama vijiti vya mshikaki, nywele kama kuku kanyeshewa. Mmoja kapaka wanja kunishinda mimi siku ya harusi yangu.

Kumbe hiyo ndiyo rock yao. Inatoka kwenye katuni wanazotazama watoto, na wote wanaijua. Nikamuuliza huyu anayelia kafiwa na nani.

Akanitafsiria. Kijana kachelewa treni, mvua inanyesha, mpenzi wake yumo ndani ya treni, anakwenda.

"Basi?"

"Basi, Bibi."

Mayowe yote yale, treni. Hapa Ibra treni hatuna, na mvua tunaiombea sala. Ningejuaje?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema taratibu:

"Ungeniuliza mimi, Bibi. Ulimuuliza pepo."

Wakuu, nimetukanwa mengi katika umri wangu. Hilo halikuwa tusi, na limenikaa kuliko matusi yote.

Nikamwambia anifunze kiitikio.

Jumatano Ibra kuna soko la wanawake, mwanamme haingii. Skuli zilikuwa zimefunga, kila mama kaja na binti yake. Nikaingia na Shamsa. Wanawake wakavuta vifurushi vyao kama tumekuja na ndui.

Zuwena naye yupo, katoka Samad, na mjukuu wake ubavuni. Akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Vipi mgonjwa?"

Nikaweka kikapu chini, nikafunga kanga kiunoni. Nikamwambia, "Ugonjwa wenyewe huu, sikiliza."

Nikaimba.

Kijapani changu Mjapani angekisikia angekana nchi yake. Kichwa nilikitikisa vilevile, shingo inalia kama bawaba. Nilipofika pale pa kupandisha, sauti ikanikatikia.

Nyuma ya vitambaa mtu akaipokea. Kasichana. Akafuata binti wa muuza buhuri za kufukiza. Kisha mwengine kule kwenye mikufu. Nikatazama ubavuni kwa Zuwena: mjukuu wake, yule anayesifiwa kwa haya, kafumba macho, kichwa kinakwenda mbele na nyuma.

Shamsa akaingia mwisho, na sauti yake iliwafunika wote.

Mama zao wanatazamana.

"Zuwena," nikasema, "lete chetezo. Na mkaa uwe mwingi."

Mwanangu alipata habari kabla hatujafika nyumbani, kutoka kwa Zuwena huyohuyo. Alhamisi akaenda kazini kwake kama kawaida. Bahla tulikwenda baadaye, kununua mtungi tu, maana wafinyanzi wa huko hodari.

Nililojifunza ni hili: mtoto kakaa mbele yako, ana ulimi na ana jina. Muulize yeye kwanza. Pepo kama yupo, atangoja zamu yake.

Haya, na nyinyi semeni, wajukuu zenu wanapiga mayowe gani huko? Na mwenye kujua bendi ya Kijapani inayoimba bila ya kelele aniwekee hapa. Shamsa anasema hakuna, lakini mtoto yule siku hizi ananicheka sana, simwamini.