Honi ya Shemeji kwenye Mteremko wa Kisugu

Nilikuwa mnene, na nyumbani kwa dada yangu unene huo ulikuwa na kazi yake. Mawingu yakikusanyika juu ya mtaa wetu wa Kisugu, Kampala, shemeji yangu hakuwa na haja ya kutazama angani. Alinitazama mimi.

"Shemeji," anasema, "mvua."

Basi naacha chapati kwenye kikaango, najifunga kanga vizuri, naenda kujipakia nyuma ya pikapu, juu kabisa ya magurudumu ya nyuma, na kukaa pale kama gunia la mihogo. Kazi yangu ilikuwa kulikandamiza gari lisiteleze. Majirani walikuwa wakiniona nimekaa wanajua leo itanyesha, wanakimbia kuanua nguo. Sikupenda hata kidogo, lakini nilikuwa nakula kwake, nalala kwake, na mtu mwenye bunduki chini ya kitanda hukatai kumkalia gari lake.

Shemeji alikuwa sajini. Pikapu yenyewe, alisema, aliikuta. Wakati ule, Wahindi wakiwa wameshafukuzwa, wanajeshi walikuwa wanakuta vitu vingi, wallahi. Huyu kakuta duka, yule kakuta nyumba ya ghorofa na vikombe vya chai bado viko mezani. Shemeji yeye akakuta pikapu. Alichoshindwa kukuta ni tairi. Madukani hazikuwepo, za magendo zilikuwa hazishikiki kwa bei, na zile zilizokuja na gari zilikuwa zimelika hadi zikawa laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa jana. Ukipitisha kidole hukuti hata mfereji mmoja wa kutolea maji.

Mtu mwenye akili angesema, haya, tairi zimekwisha, twende polepole. Mbuzi wa Kisugu wenyewe mvua ikinyesha walikuwa wanapunguza mwendo. Shemeji hakupunguza. "Mwanajeshi hapunguzi," alikuwa akisema, na kusema kweli sikuwahi kumwona akipunguza. Breki yake ilikuwa honi. Akiona mtu mbele, honi, baiskeli, honi, kona, honi. Na watu walikuwa wanaruka mitaroni na mizigo yao, kwa sababu nani angebaki barabarani aulize? Nchi nzima ilikuwa imefundishwa kupisha. Ndiyo maana yule bwana alidhani anajua kuendesha gari. Kumbe wengine ndio waliokuwa wanajua kukimbia.

Dada yangu alikuwa haongei sana. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na hii ya tatu aliibeba kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Miezi yote ile alikataa kupanda pikapu. Sokoni alikwenda kwa miguu, kliniki kwa miguu. Shemeji alinuna, mke wa sajini anatembea kwa miguu kama hana mtu!

Uchungu ulimshika mchana, na mvua nayo imechagua saa ileile. Si mvua ya mchezo. Ilikuwa inashuka barabarani kama imetumwa. Dada akashika mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, huyu asinifie." Nikamwita shemeji, aliyekuwa amelala. Akatoka mbio na fulana yenye matobo na suruali ya kulalia, miguuni ndala. Shati la kijeshi, kofia, kitambulisho, vyote vikabaki vinaning'inia kwenye msumari. Tukampandisha dada mbele. Mimi sikungoja kuambiwa. Nikapanda nyuma, nikajifunika turubai, nikashika kingo kwa mikono yote miwili.

"Shemeji!" nikapiga kelele kwenye kidirisha cha nyuma. "Leo polepole, tafadhali!"

"Wewe kaa tu!" akajibu.

Akaondoka kama tunafukuzwa. Mteremko wa kushuka kutoka kwetu ni mrefu, na chini kabisa, mahali panapotuama maji, siku hiyo walikuwa wameweka kizuizi kipya: magogo mawili, pipa, na askari kadhaa wamejibanza chini ya mabati. Sasa, kila mtu wa Kampala alijua sheria ya kizuizi, hata watoto. Ukikiona, nenda. Taratibu, mikono waione, lakini nenda. Kitu usichofanya kabisa ni kugeuza gari. Anayegeuza ana la kuficha, na aliyekuwa na la kuficha aliulizwa baada ya risasi.

Shemeji aliona maji yaliyotanda barabarani kabla hajaona magogo. Na mtu yule, Yarabi, akayapigia honi! Nakuapia, aliyapigia honi maji. Labda alitegemea yatarukia mtaroni kama wauza ndizi. Maji hayakumjua yeye ni nani. Tairi zikapanda juu yake, gari likawa jepesi ghafla, nikalisikia chini yangu linaelea, halishiki kitu. Hapo ndipo alipoyaona magogo, akakanyaga breki kwa mguu mzima na kukata usukani. Unene wangu wote haukufaa kitu. Gari likazunguka, mara miti, mara mabati, mara miti tena, na liliposimama mgongo wetu ulikuwa umeelekea kizuizi na pua imetazama kule tulikotoka. Tumegeuza.

Nikasikia bunduki zinakokiwa. Ile sauti sitaisahau. Nikalala kifudifudi kwenye maji ya pikapu, na niliyekuwa namfikiria ni yule wa tumboni kwa dada, ambaye hajaonja hata hewa.

"Toka! Mikono juu! Wewe nakimbia nini?" akafoka askari mmoja kwa Kiswahili chao cha kambini.

Shemeji akatoka, ndala moja imebaki ndani. "Mimi sikimbii! Gari nimeteleza!"

"Kelele! Lala chini!"

Akalala. Sajini wangu, aliyekuwa halali hata kwenye mkeka wenye makombo, akalala tumbo chini kwenye tope jekundu. Aliyekuwa anampa amri alikuwa koplo, kijana mrefu mwenye koti la mvua lililompwaya.

"Mimi sajini!" akasema shemeji, mdomo umo topeni.

"Sajini ya fulana?" Koplo akacheka, na wenzake wakacheka. "Kitambulisho?"

"Kiko nyumbani. Kwa shati."

"Haya. Na gari ya sajini nateleza? Mwanajeshi nateleza?"

Mwaka mzima shemeji alikuwa akitufundisha kwamba mwanajeshi hapunguzi wala hatelezi. Mimi nusu yangu ilitaka kucheka na nusu ilikuwa inalia, na iliyoshinda ikawa hasira. Nikatupa turubai, nikashuka, na hofu sijui niliiacha wapi.

"Nyie!" nikasema. "Kuna mwanamke anazaa humu ndani! Mtamhoji huyu mpaka lini? Ni mjinga tu, hakimbii popote!"

Koplo akachungulia dirishani. Dada alikuwa ameuma upindo wa kanga, macho kayafumba, mkono mmoja tumboni. Koplo akashusha bunduki, akamgusa shemeji ubavuni kwa kiatu.

"Simama. Endesha. Breki wacha. Kwa maji, breki ni adui yako; toa mguu tu kwa mafuta, gari napunguza yenyewe. Mimi natembea mbele. Wewe kama napita mimi, mimi napiga wewe."

Gari likageuzwa, wenzake wakasogeza magogo, na kweli koplo akatembea mbele. Akaingia kwenye yale maji na mabuti yake, akitafuta kwa miguu mahali pa kina kidogo, bunduki begani, na nyuma yake sajini wangu akiendesha gia ya kwanza, mikono miwili kwenye usukani, matope yanamdondoka puani. Tulipofika kwenye lami nzuri, koplo akapanda nyuma pamoja nami. Kila gari lilipojaribu kukaza mwendo aligonga paa kwa kitako cha bunduki: kong! Likapungua. Honi haikulia hata mara moja. Tangu niijue pikapu ile, ilikuwa safari ya kwanza ambayo sikushika roho mkononi.

Tulifika hospitali, wala hatukuchelewa. Kabla ya magharibi alizaliwa msichana, na sauti yake ilisikika mpaka nje kwenye baraza. Nililia mbele za watu bila haya.

Shemeji naye alirudi kambini na habari yake. Alisema aligeuza gari makusudi, kupima kama askari wa kile kizuizi wako macho. Akasema wako macho, amewasifu. Ebo! Na watu wakaitikia, ndiyo afande.

Siku ya kumtoa dada hospitali jua lilikuwa linawaka. Shemeji alikuja na sare kamili, mabuti yanang'aa, pikapu imeoshwa. Barabara kavu, basi kila kitu kikasahauliwa: honi, kona, honi, mwanamke na kikapu chake ndani ya mtaro. Mimi nilikuwa nyuma, mahali pangu pa siku zote. Kwenye kidirisha nilimwona dada amemkumbatia mtoto kwa mikono yote.

Kwenye kizuizi, koplo yuleyule akainua mkono. Shemeji akasimama. Kabla hajafungua mdomo aonyeshe cheo chake, dada akafungua mlango, akashuka na mtoto.

"Unakwenda wapi?" akauliza shemeji.

"Nyumbani."

Akapita kando ya magogo, akashika katikati ya barabara, akaanza kupanda mlima, polepole, kama mtu aliyejifungua juzi. Koplo akaondoa gogo, uso mkavu kabisa. Shemeji akaingiza gia ya kwanza, akamfuata. Watu wakatoka madukani. Wauza ndizi wakasimama, na safari hii hakuna aliyeruka. Nikaona mkono wa shemeji unakwenda kwenye honi, unatua, unarudi kwenye usukani.

Akatoa kichwa dirishani, sauti chini. "Basi mama, panda. Watu wanatutazama."

Dada hakugeuka.

"Waache watazame," akasema. "Wewe usinipite tu."