Vipira vya Meno Yangu

Meno yangu ya chini ni ya bandia. Yanabana kwenye vyuma viwili vilivyopandwa katika taya, kwa vipira vidogo ambavyo daktari wa hapa Likasi aliahidi vingedumu mwaka mzima. Baada ya miezi minne yalichomoka nikiswalisha, katikati ya Fatiha, ikabidi mwingine aendelee. Nikamshuku daktari kuwa aliniwekea vipira vilivyokwisha kutumika.

"Papa, unatoshaka meno mara ngapi kwa siku?" daktari aliniuliza nilipomwendea.

"Ninayatoa mara tano, nikitawadha."

"Basi ni weye unavimaliza."

Nilidhani anakwepa kosa lake. Nilimwendea shehe wetu kumuuliza kama ni lazima kuyatoa nikitawadha, naye akasema kusukutua kunatosha, meno yabaki mahali pake. Nilirudi kwa daktari, nikakiri kuwa nilikuwa nikiyatoa bure, nikamwomba radhi. Hata hivyo, nilitaka pakiti ya vipira vipya ifunguliwe mbele yangu.