Sarafu ya Tembo Kwenye Kibuyu cha Samli

Baba yangu alirudi na sarafu hiyo kutoka vita ya Mjerumani, alikokuwa mpagazi. Ilikuwa dhahabu, ukubwa wa kifungo cha koti, upande mmoja tembo ameinua mkonga, upande mwingine ndege wa makucha. Alipokufa kaka zangu waligawana ng'ombe, mimi wakaniachia sarafu wakidhani ni shaba. Nikaitumbukiza kwenye kibuyu cha samli, nikakitundika juu ya jiko langu pale Butiama. Ilikaa humo miaka na miaka, ikawa nyeusi kwa moshi na mafuta. Wezi wa ng'ombe waliingia kwangu mara mbili na hawakuiona.

Niliitoa kwa sababu ya binti yangu wa mwisho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa kwanza kwetu kushika chaki. Mimi sikusoma, herufi nilizipatia ukubwani kwenye madarasa ya jioni. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, miguu ikaanza kuvimba. Akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea gunia la pumba. Daktari wa Musoma akaniambia mlango wa moyo umeharibika. Mwanza wangeweza kumpunguzia maji. Dawa yenyewe ni kupasuliwa, na hiyo ni Nairobi, na pesa yake usiulize.

Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe pale Bunda ndiye niliyemwonyesha sarafu kwanza, akataka kuinunua palepale. Pesa yake ingetosha Mwanza, nauli na dawa na miezi kadhaa ya kula. Lakini alinikera. Aliirusha juu akaidaka, kama mtoto anayecheza na kokoto. Nikamnyang'anya, nikapanda gari mpaka Nyakato, Mwanza, kwa sonara, mtu wa dini, baba Mwarabu, mama Mjita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitazamie hii, Bunda wamenipa bei ya mafahali wawili. Na usiibadilishe, alama zake nazijua zote."

"Mama nawe! Msikiti huo hapo mlangoni, nikakuibie nijifiche wapi?"

Akaweka kioo jichoni. Akaipangusa kidogo kwa kidole, kicheko kikamwisha. "Mama, huyu tembo mzima kabisa. Hajachoka hata ukope. Usiuze kwa uzito." Akanieleza kwamba kuna wataalamu Ulaya, kazi yao ni kupima sarafu tu. Wanaitazama, wanaipa alama, wanaifungia kwenye plastiki ngumu na karatasi yenye alama zake. Ikipata alama za juu, matajiri wanagombania. "Bei ya Bunda utaizidisha hata mara kumi. Ila ni miezi, mama. Na kwa ada yao utauza mtamba. Ndugu yangu anakwenda Nairobi Ijumaa, yuko mtu kule anayezituma."

Nilirudi nyumbani nikamweleza binti yangu. Alicheka mpaka kifua kikambana.

"Kwa hiyo hata sarafu inafanya mtihani wa darasa la saba?"

"Ikifaulu tunakwenda Nairobi."

"Mama, uza Bunda. Nairobi ni mbali. Mimi nataka kupumua tu."

Hayo alisema, kwa mdomo wake, na mimi nilisikia. Nikamwambia anyamaze, mgonjwa hapangi safari. Ndani ya moyo nilikuwa namuona yule wa Bunda akiirusha na kuidaka. Mali ya baba yangu, iliyotembea na mizigo ya Mjerumani kichwani, iende kwa bei ya mafahali wawili? Nikauza mtamba.

Sasa nieleze nilichofanya Alhamisi, maana nyumbani sijawahi kukisimulia.

Miaka ile ya shida sabuni ilikuwaga haionekani. Tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai na kusugulia majivu, na bado sufuria zangu zilikuwa zinang'aa kuliko za wenye sabuni. Wanawake wa Butiama walinijua kwa hilo. Kisha mambo yakawa ruksa, maduka yakajaa, na mimi nikanunua sabuni ya kipande na stilwaya mpya, ile ya manyuzi ya chuma. Nikaitazama sarafu, nyeusi, inanuka moshi. Nikasema, itakwenda Ulaya hivi? Wazungu waseme imetoka kwa mchafu? Kwetu hutoi hata kibuyu cha maziwa kwenda kwa jirani bila kukisugua.

Nikaketi kwenye kigoda nikaisugua. Tembo na ndege wakawaka kama jua la saa nne. Binti yangu akaniangalia kutoka kwenye gunia lake, akasema, "Imependeza, mama." Nikaishona ndani ya kipande cha kanga, na Ijumaa nikamkabidhi sonara. "Nimeshona mwenyewe. Usifumue, wafumue hukohuko." Akaniheshimu. Hakufumua.

Tukangoja. Mahindi yalipandwa yakavunwa. Maji yakapanda kutoka miguuni mpaka tumboni kwa binti yangu. Mtoto akajifunza kutambaa kwa kuzunguka lile gunia.

Ndipo sonara akanitumia habari niende. Hakunisalimia kwa mzaha siku hiyo. Alinionyesha sarafu ndani ya plastiki.

"Mama, nani aliisugua?"

"Mimi. Ulitaka iende na masizi?"

Akaigeuza plastiki kwenye mwanga. Nikaona. Tembo mzima amechanika ngozi, mistari midogo midogo, kama amepita kwenye miiba. Akanisomea karatasi: ni halali, lakini imesuguliwa, haipewi alama. "Dhahabu ni laini, mama. Yale masizi ndiyo yalikuwa yanaitunza. Kosa langu, sikukwambia." Halikuwa kosa lake. Nilipitia Bunda nikielekea nyumbani. Yule wa ng'ombe akaitazama, akanirudishia. "Hii sasa ni ya kuyeyusha, bibi," akasema, na safari hii hakuirusha.

Nilipofika, binti yangu alikuwa macho. Sauti imebaki nyembamba.

"Imepata ngapi?"

Nikamwonyesha kwa mbali, pale kwenye giza la nyumba, isionekane mikwaruzo.

"Imefaulu, mwanangu. Ya kwanza."

"Nilijua." Akafumba macho. "Basi nitafutie gauni la safari. Lile la bluu."

Nilimfulia lile gauni kwa sabuni, likakauka. Siku ya tatu tulimzika nalo. Sonara alikuja msibani, na juma lililofuata aliikata ile plastiki kwa msumeno wake mdogo, akaipima dhahabu kwa uzito, bei ya haki. Ikalipa deni la mbao za jeneza, saruji ya kaburi, na baadaye sare ya kwanza ya mtoto.

Yule mtoto leo ni mwalimu kama mama yake, na mimi nikimwona anaingia darasani na chaki, nasimama barabarani watu wanione kwamba ni wangu. Husahihisha madaftari mezani kwangu. Juzi aliniuliza mama yake alisema nini mwisho. Nikamwambia aliomba gauni la bluu. Hakuniuliza la nini, na mimi sikumwambia. Ndiyo maana nimeandika haya, ayasome mwenyewe, aniwekee alama anayoona nastahili.