Ungo wa Dawa

Nilifundisha wanafunzi wa famasia mjini Kigali mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kilichonikera tangu siku ya kwanza ni kwamba masomo yote yalikuwa ya kuongeza. Ugonjwa huu, mpe dawa hii. Ukizidi, ongeza. Kumpunguzia mtu dawa zisizomfaa, tena bila kumdhuru, hakukutengewa hata saa moja. Nikilalamika kikaoni, walimu wenzangu walitabasamu na kutazama meza. Waliniambia hasira hasara. Hasara niliyoiona mimi ilitokana na upole.

Nilikuwa nakaa mtaa wa Kimisagara, ambako kila nyumba ina mteremko wake. Jirani yangu alikuwa bibi mjane aliyeishi na bintiye wa mwisho. Binti alikuwa amejifungua, na bibi alitaka jambo moja tu: kumbeba mjukuu mgongoni, kama alivyowabeba wanawe wote. Kisha akaanguka mbele ya lango langu. Akaanguka tena jikoni. Binti, kwa hofu, akakichukua kitenge cha kubebea akakifungia sandukuni.

"Mama, utaniulia mtoto," alimwambia mbele yangu.

Mzee akianguka watu husema ni uzee, na mambo yanaishia hapo. Mimi sikukubali. Niliomba ruhusa, nikaenda kwake na wanafunzi wangu, nikamwomba atuonyeshe kila anachomeza. Akatoka na ungo wa kupepetea maharage, umejaa vichupa na vikaratasi vya dawa mpaka ukingoni. Haba na haba hujaza kibaba.

"Mukecuru," nilimwita, kwa heshima tunayowapa bibi zetu, "hizi zote unameza?"

"Zote, mwalimu. Hii iko ya mutoto yangu mukubwa, alinipeleka kwa dogiteri yake. Hii alileta ule mutoto anakaa Gitarama. Mutu anakupa na mikono mbiri, utamurudishia namna gani?"

Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zamani watu walipeleka maziwa au uji wa mtama. Siku hizo wenye uwezo walipeleka vidonge. Na ungo ule ulikuwa fahari ya nyumba. Mgeni akija, unatolewa sebuleni aone jinsi mama anavyotunzwa.

Wanafunzi wakazitaja dawa moja baada ya nyingine, hodari kweli. Hii ya magoti, hii ya presha. Nikawauliza ipi ilitangulia. Wakarudi kusoma vikaratasi. Nikawaambia wamuulize bibi, wazipange mkekani jinsi zilivyokuja, na wakaona kwa macho yao. Dawa ya magoti, ambayo ilikuwa ya muda mfupi tu, ilikuwa imemezwa kwa miaka, ikapandisha presha. Dawa ya presha ikamvimbisha miguu. Kwa uvimbe akapewa dawa ya kukojoza, naye akawa anaimeza jioni, basi usiku kucha yuko njiani kwenda chooni. Kwa kukosa usingizi akapewa vidonge vya usingizi, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vinamwangusha. Kila dawa ilikuwa inatibu dawa iliyoitangulia.

Mwanafunzi mmoja akaukamata ungo. "Tumwage zote leo, mwalimu!"

Nilimfokea mpaka kuku wa bibi wakakimbia. Vidonge vya usingizi ukivikata ghafla, mwili uliovizoea hutetemeka, na mtu anaweza hata kuanguka kama mwenye kifafa. "Unaondoa moja, unangoja, unamwangalia mgonjwa, ndipo uguse ya pili," nikamwambia. "Vya usingizi unavipunguza kipande kwa kipande. Na daktari wake lazima ajue."

Daktari wake! Alinisikiliza amesimama, koti mkononi. "Madamu, kazi ya famasia ni kuhesabu vidonge. Kufikiri tuachieni sisi."

Nikamwambia basi afikiri. Akaahidi kuangalia, na hakuangalia. Nikarudi, nikarudi tena. Mara yuko kikaoni, mara yuko safarini. Kaskazini kulikuwa na vita, na mjini kila mvivu alipata kisingizio.

Mwana mkubwa wa bibi, mtu wa ofisi za serikali, naye alikuwa na lake. "Tukipunguza dawa ya mama, majirani watasema nini? Watasema tumemuchoka."

Nikamuuliza kama majirani ndio wanaoanguka. Akanyamaza kwa adabu, ile adabu yetu ya kunyamaza ambayo maana yake ni hapana. Nilitamani kumpiga kofi, mtu mzima yule. Mvua zikanyesha, zikaisha. Mtoto akaanza kukaa, kisha akatambaa.

Ikabidi bibi aanguke tena, apasuke paji la uso, ndipo wakubali. Daktari aliidhinisha mabadiliko yale yale niliyokuwa nimemwomba, bila kunitazama. Tukaanza na dawa ya magoti. Wanafunzi walikwenda kwa zamu kumpima presha na kumuuliza amelalaje. Tulipofika kwenye vidonge vya usingizi, alikesha na kutulaani sote. Tukarudi nyuma kidogo, tukaenda polepole zaidi. Miguu ikanywea. Kizunguzungu kikamwacha. Ungo ukarudi kwenye maharage.

Siku binti alipofungua sanduku, alituita tuje tuone. Bibi akainama, miguu imara, binti akamweka mtoto mgongoni, kitenge kikafungwa kifuani. Mtoto akapiga mateke. Akalia, akajinyonganyonga mpaka akashushwa, akakimbia zake uani kwa miguu yake mwenyewe. Binti akacheka. Wanafunzi nao wakacheka.

Bibi akakikunja kitenge taratibu. "Amekuwa mukubwa," akasema. "Kubebwa alikuwa anataka ile wakati."

Hasira ilinipanda, na sikujua niielekeze kwa nani. Bibi aliketi, akanitazama bila lawama.

"Mwalimu, ile dawa ya magoti walinipa ya siku kidogo. Mimi nilikuwa nangoja mutu aniambie, 'Basi, wacha kumeza.' Nani alikuwa wa kuniambia?"

Nikawageukia wanafunzi wangu, ambao sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Mjibuni," nikawaambia.