Riba Tuliyoila kwa Halua

Mdogo wangu alipomaliza chuo cha ualimu alirudi Muheza na cheti, kalamu ya wino, na deni. Cheti na kalamu vilikuwa vyake. Deni lilikuwa letu sote, maana mimi ndiye niliyelikopa. Wazazi walikwisha kufa, nami niliacha shule darasa la nne nikawa nauza machungwa stesheni, madirishani mwa treni. Yeye alikuwa na kichwa cha hesabu. Nikasema huyu atasoma, hata ikibidi niweke rehani michungwa ya baba.

Ikabidi. Mzee mmoja mwenye asili ya Oman, mwenye mashamba na duka la nguo, alinipa fedha ya chuo, akafunga ukindu, alama ya rehani, kwenye shina la kila mchungwa. Matunda niliendelea kuuza mimi, lakini sharti alilisema wazi: "Kijana akipata kazi, mnilipe kabla machungwa hayajaiva. Yakiiva sijalipwa, miti ni yangu."

Kijana akapata kazi ya kufundisha Tanga mjini. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwa treni, nami nikampokea stesheni kiganja kikiwa wazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mshahara."

"Dada, wenzangu wote wana baiskeli. Mwalimu gani anakwenda kazini kwa miguu?"

"Mwalimu mwenye deni. Lete."

Alileta, huku akicheka. Nilimrudishia ya chakula, sabuni na nauli. Soli za viatu vyake zilikuwa zimeachama kwa mbele. Alisema viatu navyo vinacheka, vimeuona mshahara ukipita.

Machungwa yalipoanza kujaa maji, fedha ikatimia. Nilitaka kuruka. Mdogo wangu akakunja uso.

"Bado riba."

"Riba ndiyo nini tena?"

"Ziada, dada. Chuoni tumefanya hesabu za riba mpaka basi. Fedha ya mtu imekaa kwetu muda wote huu, turudishe vilevile kama wezi?"

Akaenda kuuza ile kalamu ya wino. Aliporudi akaichanganya riba na deni kwenye kitambaa kimoja, akafunga fundo. Mimi, Mlutheri wa darasa la nne, nilivimba kwa fahari.

Tulimkuta mzee barazani kwake, na wenzake wakinywa kahawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Mdogo wangu akasimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Babu, tumeleta deni lako lote, pamoja na riba."

Vikombe vilisimama hewani. Mzee, aliyekwisha kunyoosha mkono kupokea, aliurudisha kama aliyegusa kaa la moto.

"Astaghfirullah! Riba? Barazani kwangu? Mimi nilikudai riba, mwalimu?"

"Hapana, babu, ni heshima tu. Basi iwe zawadi."

"Zawadi ya mdaiwa! Hiyo ni riba iliyovaa kanzu! Sipokei hata senti. Mmezichanganya, nitajuaje yangu ni ipi?" Akainuka, akashika mlango.

Fedha tunayo mkononi, machungwa yanaiva, na mdai wetu anaingia ndani. Nikapiga magoti pale kizingitini.

"Babu, mtoto kakosea neno. Kwao shuleni riba ni hesabu, haijawa dhambi bado. Atazichambua hapa hapa, uone mwenyewe."

Mzee alimtazama mwalimu, akatazama viatu vyake vilivyoachama. Nadhani viatu ndivyo vilivyotuokoa, maana midomo ya mzee ilianza kutetemeka kwa kicheko alichokizuia.

"Haya. Chambua."

Mdogo wangu akakaa kwenye ngazi akachambua, jasho likimtoka.

"Mwalimu anachambua mchele!" akapiga kelele mmoja wa wanywaji kahawa.

"Tazama usiache mawe!" akaitikia mwingine.

Deni likaenda upande huu, likahesabiwa, likapokewa. Riba ikabaki kiganjani mwangu. Nikaiangalia. Tangu mama afe sikuwahi kushika fedha isiyo na kazi. Kichwa kikawa chepesi kabisa. Muuza halua alikuwa akipita na sinia lake. Nikamwita, nikamwaga fedha yote.

"Wape wote barazani!"

"Dada! Kalamu yangu hiyo!"

"Kula, ni tamu."

Wote wakala, isipokuwa mzee. Alilitazama sinia, akatazama pembeni, akalitazama tena. Mwisho akaingiza mkono mfukoni, akatoa senti kumi yenye tundu, akanitia kiganjani.

"Kipande changu nanunua. Kwenu sili bure."

Baraza lote liliangua kicheko, naye akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha, vidole vikinata halua, akatwaa kisu akaongozana nasi shambani, akakata ukindu mti kwa mti.

"Mwalimu," alisema alipomaliza, "hesabu zako nzuri. Kwangu usizilete tena."

Alipotupa kisogo tu, mwalimu wa serikali alivua viatu, akaukwea mchungwa wa kwanza na suruali yake ya kazi, akachuma chungwa lisiloiva. Tulikaa chini tukagawana. Lilikuwa chachu, lilitufumba macho, na tulilila lote pamoja na kokwa.